Mto Uliotundikwa Karibu na Dari

Ruring'u, Jumanne usiku

Juu kabisa, karibu na dari! Ndipo Ndirangu alipoutundika mchoro wa binti yetu Wangari, kando ya picha yetu ya harusi, umeinamia mbele kama picha zote za kwa mama yake. Miaka yote hii ya ndoa na bado mume wangu anafikiri picha ni ya kuinuliwa, si ya kuangaliwa.

Ni Mto Nairobi, kwa penseli tu. Maji hayakuchorwa. Wangari aliacha karatasi ikiwa nyeupe, na bado unayaona yanatembea. Chini ya daraja kuna mwanamke mdogo kama punje ya mchele, amejikunja anafua. Kitambaa cha kichwa amekifungia nyuma, kama mimi. Ukiwa umekaa kwenye kochi huoni chochote.

"Picha inakaa juu," alinijibu nilipomwomba aishushe. "Wageni wataionaje?"

Wageni! Yeye mwenyewe hakuwa ameiangalia. Tangu Wangari aache masomo ya uuguzi ili achore, hajampigia simu hata mara moja.

Baada ya chakula nilitoka jikoni nikamkuta amesimama juu ya stuli, amevaa miwani, pua karibu iguse kioo.

"Ati huyu ni wewe?"

"Muulize aliyechora."

Akashuka. Nikampa simu. Akaiweka mezani, akasema ni usiku, mtoto amelala.

Usiku gani, na hata taarifa ya habari ilikuwa haijaanza?

Sasa anakoroma. Stuli hakuirudisha jikoni.