Nilimpa Mama Mkwe Tano

Mpendwa Shangazi Lenah,

Naomba msaada upesi kabla Jumapili haijafika, maana nimefanya jambo ambalo kwetu Wabukusu halifanywi. Mimi ni Wekulo, fundi wa vitanda Gikomba, naishi Kayole na mke wangu Nalianya, chumba kimoja, na mama mkwe amekuja kututembelea kutoka Bungoma, na unajua mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja wala hawagusani, basi tukafunga pazia katikati ya nyumba, yeye upande wa kitanda, mimi upande wa televisheni, salamu zinapitia kwa Nalianya, heshima imetulia.

Sasa Jumapili iliyopita saa kumi kikaanza kile kipindi kipya cha vichekesho, watu wa sayari nyingine wanatua na chombo chao juu ya paa la ploti ya kupangisha huku Eastlands, nami nilidhani ni upuuzi mtupu, lakini Shangazi, keateka, yule mtunzaji wa ploti, akapanda na ndara zake akawaambia, "Leo ni zamu ya nyumba namba saba kuanika, ondoeni hiyo chuma yenu!" na mkubwa wao, wa kijani, macho matatu, akaomba msamaha akaanza kukamua blanketi! Nilicheka hadi machozi. Nikasikia mama naye nyuma ya pazia anacheka kwa kukohoa, anauliza, "Nalianya, wamefanya nini?" na Nalianya alikuwa ameenda kuchota maji, basi kwa furaha nikafungua pazia, "Mama, njoo uone!" na keateka alipokifunga chombo kwa kamba ya nguo nikanyoosha mkono nikampa mama tano, kiganja kwa kiganja, paa! Naye akaipokea.

Ndipo tukatazamana. Mama akajifunika leso, akarudi nyuma ya pazia, na tangu hapo hajasema neno ila kwamba Jumatatu ijayo anarudi nyumbani. Nalianya anasema nimemwaibisha mamake. Nampenda sana yule mama, Shangazi, sitaki aondoke na uchungu. Nifanyeje?

Wekulo, Kayole

Wekulo mwanangu,

Nimecheka mpaka chai ikanipalia, kisha nimekukasirikia. Pazia la mkwe ni la kufunguliwa na wewe? Ungemsimulia kwa sauti ukiwa umekaa hapo hapo kwako, angesikia. Mila haifi kwa sababu nyumba ni ndogo, bwana.

Lakini hebu soma barua yako tena, pole pole. Mama aliyeaibishwa hufunga mzigo asubuhi inayofuata, na hata chai hanywi. Huyu wako anakaa wiki nzima, ataondoka Jumatatu. Na sehemu ya pili inaonyeshwa lini? Jumapili! Pole, mwanangu, lakini unalilia mtu ambaye anangoja kipindi.

Hata hivyo kosa ni kosa. Nunua blanketi zuri, Nalianya amkabidhi mamake pamoja na maneno yako ya kuomba radhi. Usiende mwenyewe na huo mdomo. Kisha sogeza televisheni hadi mwisho wa pazia, kila mmoja aione kutoka upande wake. Maji yachotwe Jumamosi, mkeo awepo.

Na saa kumi ikifika, ukisikia kile kicheko cha kukohoa, cheka naye kwa nguvu zako zote. Mikono tu ndiyo uikalie.