Mwenye Chanja Amekuja Tena, Shangazi

Shangazi yangu wa Katonga,

Tangu tukuzike sijawahi kukuhitaji kama wiki hii. Amekuja mwanamume mmoja hapa nyumbani Katubuka, viatu vinang'aa, maneno matamu. Kampuni yake ina programu ya kusikilizia podikasti, na anaitaka ile yetu, tuliyokuwa tunairekodi kwa simu yangu wewe ukigeuza dagaa kwenye chanja na kusimulia mambo ya ziwani. Atatutunzia vipindi bure na kututangaza mpaka Dar. Sharti lake ni kwamba tufunge mlisho wetu wa RSS, ile anwani inayopeleka vipindi kwenye programu zote, vipindi vyako visikike kwake tu.

Bure! Hapo hapo masikio yakanisimama. Nikamuuliza, "Shangazi huwa anaanzaje kipindi?" Akajibu, eti kwa muziki. Wewe na muziki wapi na wapi? Ulikuwa unaanza na "Mwakeye!", salamu ya asubuhi, hata tukirekodi jua linazama. Nikikucheka unanijibu, "Kwa anayesikiliza huenda kumekucha, we unajuaje?"

Nilimkumbuka yule tajiri aliyejenga chanja nzuri za waya pale mwaloni, dagaa wanaposhushwa, akazizungushia uzio. Wenzako walikimbilia kuanika kwake. Wewe ukabaki na chanja zako za miti, zimepinda, mbuzi wanapita chini. Nilikuona mkaidi. Ulimuuliza swali moja tu: "Ukifunga geti, mteja wangu ataingilia wapi?" Alicheka. Baadaye akawa anachagua nani aingie kununua, na wenzako wakarudi kwako kuomba nafasi ya kuanika.

Basi na mimi nikamuuliza mgeni wangu: "Mlisho wetu ni anwani iliyo wazi, programu yoyote inausoma bila kuomba ruhusa kwa mtu. Nikiufunga, halafu siku moja nikitaka kuondoka kwenu, wasikilizaji naondoka nao?"

"Hilo tutaliangalia baadaye, dada," akasema, akaangalia simu yake.

Nilimsindikiza mpaka barabarani. Nimekataa, lakini sijatulia. Watakuja wengine wenye viatu vizuri zaidi, na hata hizo programu zinazotusoma leo siziamini sana, yoyote inaweza kutuacha kesho. Ila ikituacha moja, nyingine itaendelea kutusoma. Sauti yako sina nyingine, Shangazi. Nikiikabidhi, siku wakiizima nitaisikia wapi? Naogopa hilo kuliko nilivyoogopa siku ya msiba.

Leo mama mmoja wa Kagunga amenitumia ujumbe. Anasema kila akiamka anakufungulia, na ukisema "Mwakeye!" anakuitikia kwa sauti, wanawe wanamcheka. Anatumia programu gani hakusema, na mimi sikuuliza.

Pumzika, Shangazi. Geti halijafungwa.

Ni mimi, binti wa kaka yako.