Mistari Kifuani mwa Mama

Jumapili, masika. Tangu asubuhi milima ya Uluguru haionekani. Wingu limeshuka hadi kwenye mapaa ya majirani, na nguo nilizoanika jana bado zinachuruzika. Nina hasira, na sijui nimpe nani.

Mistari imefutika.

Niandike tangu mwanzo, labda nitatulia. Kabla ya mvua kuanza, Mama aliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Upasuaji ulikwenda kama tulivyoambiwa: mpira wa kutoa majimaji ubavuni, ganzi kwapani, mazoezi ya kupandisha vidole ukutani mpaka mkono ukubali kunyanyuka. Aliyavumilia yote. Kisha ikaja mionzi, huko Dar. Siku za kazi tunakaa kwa binamu yangu, Ijumaa jioni tunapanda treni kurudi Morogoro.

Kabla ya kuanza, wataalamu walimlaza, wakampima, wakamchora kifuani mistari ya wino wa zambarau. Mashine inaelekezwa kwa kuifuata. Wakatuonya: aoge taratibu, asisugue hapo, asipake mafuta wala manukato. Ngozi itakuwa nyeusi kama iliyochomwa na jua, na mwili utachoka. Niliyashika yote. Mimi ni mtu wa kushika maelekezo. Chuoni Mazimbu, ambako nimeomba ruhusa ya kumuuguza, ndivyo ninavyofaulu.

Jana nilipokuwa sokoni, Mama Mkubwa, dada yake Mama, aliteremka kutoka Mgeta na magimbi na njegere. Niliporudi nilimkuta Mama amekaa barazani, ananukia sabuni ya kipande, anang'aa. Wino wote ulikuwa kwenye dodoki.

"Mama Mkubwa, umefanya nini?"

"Na shikamoo umeiacha sokoni?" alisema. "Nimemwogesha mdogo wangu. Wamemchora mipaka kama kiwanja. Kwani anauzwa?"

Siku nyingine ningecheka. Jana nilimfokea mpaka jirani akapunguza redio. Mama Mkubwa alilikamua dodoki polepole, akalitundika msumarini.

Nilichukua kalamu ya wino mzito. Kwenye simu ninayo picha ya mistari ile, nikajiambia nitaifuatisha tu. Mama akafungua khanga yake. Kovu lake limenyooka, limetulia, na pembeni ngozi imeanza kuiva. Mkono wangu ukagoma. Chini ya kovu lile kuna moyo. Nikikosea kwa upana wa kidole, mionzi nitakuwa nimeipeleka wapi?

Nikaifunga kalamu, nikampigia muuguzi aliyetupa namba yake.

"Usichore kitu," alisema. "Mlete tu Jumatatu, watampima na kumchora upya. Si yeye wa kwanza."

Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

"Sitaki kuchorwa upya," Mama akasema. "Na usimgombeze dada yangu. Mimi ndiye niliyemwambia asugue."

Nilikaa chini.

"Mnaniambia haiumi," akaendelea. "Kama haina neno, mbona wale wataalamu wote wanatoka chumbani na kuufunga mlango?"

Nilimweleza tena. Kwamba wale wanashinda pale na wagonjwa siku zote, kwa hiyo wakibaki ndani mionzi itarundikana bure mwilini mwao miaka nenda rudi. Kwamba mashine ikizimwa hatoki na moto wowote mwilini, hana haja ya kula kwenye sahani ya peke yake kama anavyofanya siku hizi. Yote ni kweli. Lakini alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayemsikiliza mtoto akikariri shairi la shule.

Nilikuwa nimemwandaa kwa uchovu, kwa ngozi, kwa mkono kuvimba. Sikumwandaa kwa kulala kifua wazi, mkono juu ya kichwa, huku mlango mzito ukifungwa na hakuna anayemwita jina.

Siku nzima ya leo nimeogopa kumuuliza kama kesho atakwenda. Daktari alisema mionzi hairukwi ovyo. Lakini Mama ni mtu mzima, siwezi kumbeba mgongoni hadi stesheni.

Jioni hii alikuwa anakula magimbi na dada yake. Sahani moja. Nilijifanya sijaona.

"Hivi mlango ukifungwa," akaniuliza ghafla, "wewe unakuwa wapi?"

"Kwenye benchi, hapo hapo nje."

"Unaangalia nini?"

"Taa. Juu ya mlango kuna taa nyekundu. Ikizimika najua unatoka."

Alilirudisha gimbi lake sahanini.

"Kumbe kuna taa," alisema.

"Na mimi nitakwenda niione," Mama Mkubwa akadakia. "Na huyo fundi wa mipaka nimwone sura."

Mama akacheka, kiganja kimeshika kovu, maana akicheka bado linavuta. Hakusema atakwenda. Hakusema hatakwenda.

Sasa wamelala, na mvua imeanza upya. Bado sijamwomba Mama Mkubwa radhi. Nitaanza na hilo alfajiri, na shikamoo nitaitanguliza.

Nimekata tiketi tatu kwa simu. Sijui kesho zitatumika ngapi.