Sentensi Niliyoiruka

Jumatatu, 3 Novemba 1997

Kurasa sita leo. Mgongo unauma. Mama Ruth anasema, mimi nachapa. Taarifa yake kwa Tume inayochunguza maovu ya enzi ya ubaguzi. Ana miaka sitini na nne na kunyamaza hakujui. Ndiye aliyenipigania nikapata karatasi za kukaa Durban, kwa hiyo nachapa bure na sinung'uniki sana.

Katika taarifa tumefika kambini. Vijana wa Kiyahudi, mahema chini ya milima ya Drakensberg, yeye ana miaka kumi na tano. Wanaimba, wanabishana, wanamenya viazi. Kiongozi wao, Daudi, akawauliza: wazazi wetu walikimbia Lithuania kwa sababu majirani walinyamaza, je, sisi hapa ni majirani wa nani? Mama anasema bado analijibu swali hilo. Shule ya jioni ya wafanyakazi, migomo, kizuizini, na sasa sisi wageni. Yote yalianzia kwenye viazi.

Alhamisi, 6 Novemba

Haraka sasa. Mtu wa Tume anakuja Ijumaa ijayo.

Leo tumefika sehemu ya kizuizini. Siku kumi na moja hakusema neno. Siku ya kumi na mbili akawapa jina la Daudi. Alilisema kwa sauti ileile ya kuagiza mkate. Daudi alifungwa, akatoka mgonjwa, akafia uhamishoni. Hakuna aliyewahi kujua nani alimtaja. Siri ya mtungi aijuaye kata.

"Umeandika?" akaniuliza.

Nikasema ndiyo. Sikuwa nimeandika. Vidole vilikataa.

Ijumaa, 7 Novemba

Niliiruka kwa sababu nampenda. Watu husimama akiingia ukumbini. Nani atafaidika wakijua?

Upuuzi mtupu. Niliiruka kwa sababu ya Odera.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani sikusikia hata mstari mmoja wa mahubiri.

Odera. Tulikaa chumba kimoja chuoni Nairobi. Baada ya mgomo polisi walinishika, wakauliza nani aliandika zile karatasi tulizogawa. Mama Ruth alikaa siku kumi na moja. Mimi nilisema kabla chai yao haijapoa. Odera alichukuliwa siku hiyohiyo na hakurudi chumbani. Miaka saba sasa. Sijui kama yu hai. Sijawahi kuuliza, maana naogopa kujibiwa.

Nikitoka kanisani nimemwona kwenye robot ya Greyville, zile taa za barabarani, anavuka. Mgongo wake kabisa, na ule mwendo wa kuvuta mguu. Nikamfuata hadi mlangoni pa duka. Akageuka. Mzulu wa watu, hata hafanani naye. Ni mara ya tatu wiki hii. Naona haya na naogopa.

Jumanne, 11 Novemba

Mama Ruth amesoma.

Papa Ilunga, Mkongo anayelinda jengo lake kule Morningside, alinizuia mlangoni. "Mama iko na hasira mingi. Leo usipande."

Nikapanda. Taarifa ilikuwa mezani, imepigwa mstari mwekundu kati ya siku ya kumi na moja na siku ya kumi na tatu. Nikamwambia nilitaka kumlinda.

"Nimelindwa maisha yangu yote," alisema. "Daudi hakulindwa." Kisha akanigeukia. "Wewe walikuuliza kuhusu nani?"

Sijui alijuaje. Labda wenye jeraha hili hutambuana. Nikalitaja jina la Odera kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Nilingoja anipe pole. Hakunipa. Alinivutia kiti tu, akasema, "Chapa."

Nikachapa: *Siku ya kumi na mbili niliwapa jina la rafiki yangu Daudi.* Nililia kama mtoto. Yeye hakulia.

Ijumaa, 14 Novemba

Mtu wa Tume alikuja saa nane. Mama Ruth akasaini kila ukurasa. Ule wa siku ya kumi na mbili aliusoma tena kwa sauti, ndipo akasaini. Jioni akawasha mishumaa miwili ya Sabato, ingawa anasema Mungu hamwamini. Tukala.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimemwandikia mama yake Odera, kupitia shule aliyokuwa akifundisha. Nimemwambia aliyelitaja jina la mwanawe ni mimi. Kwa nini, sikueleza. Nimeuliza kama yu hai. Nyuma ya bahasha nimeandika anwani yangu kamili, akitaka kunilaani ajue nilipo.

Posta hufunga saa sita. Mvua nyepesi. Natoka sasa.