Wajina Wako Ng'ambo ya Mto

Ng'ambo ya Mto Lwakhakha, Uganda
12 Desemba 2004

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo Matisi, Kitale, wewe, Baba na Kang'ethe. Magoti yako yanasemaje na baridi hii? Mimi ni mzima, ila nimechoka. Uliniambia nisikufiche jambo, kwa hivyo leo nitakueleza yote, hata lile la mwisho ambalo naliogopa.

Kanisa liliposema tutajitolea hospitalini wakati wa likizo, nilidhani nitapima watu joto. Kumbe kazi yangu ni kuosha glavu. Hapa glavu haitupwi, Mama. Tunaifua kwa dawa ya jiki, tunaianika kwenye kamba kama soksi, kisha tunaipaka poda ivaliwe tena. Mikono yangu imechubuka. Katika wodi ya kina mama wanalala wawiliwawili kitandani, na asiye na jamaa wa kumpikia hulala njaa. Muuguzi Mukhisa huniita Kenya. Nikipiga miayo husema ati Kenya ikilala, Uganda itaamshwa na nani? Mimi hucheka, halafu naenda nyuma ya tangi la maji kukaa kidogo.

Juzi aliletwa msichana aitwaye Chepkemei kutoka juu mlimani, amebebwa kwa machela ya miti. Hakunizidi sana umri. Waliomleta walirudi kutafuta chakula, kwa hivyo uji nilimpikia mimi. Aliniuliza kama Kitale kuna taa barabarani. Nilimwambia ziko, ila nyingi haziwaki, naye akacheka sana. Alijifungua mtoto wa kike, akatokwa na damu, na damu ya kumwongeza haikuwepo. Alifariki asubuhi, mimi nikiwa nimembebea mtoto.

Sista Agneta, msimamizi wa wodi, alitaka jina la kuandika kwenye plasta ya mkono wa mtoto, asije akachanganywa na wengine. Aliniuliza mimi, maana hakukuwa na jamaa yeyote. Nilikuwa nimechoka, Mama, na jina lililonijia ni lako. Nilisema Kabura.

Najua nilichofanya. Mimi nina jina la cucu, mama yako mzazi, ndiyo maana hata ukinigombeza huniita mama. Jina lako lilikuwa la binti yangu, siku Mungu atakaponijalia, nami nimempa mtoto wa watu bila kukuuliza.

Jana nyanya wa mtoto aliteremka kwa miguu. Baba wa mtoto hajulikani. Huyo nyanya aliuliza hilo jina ni la nani, nikamweleza desturi yetu, kwamba mwenye jina huja kumwona wajina wake. Akasema yeye hana ng'ombe wala nguvu, basi huyo mwenye jina aje, asitume salamu tu. Sista alikubali. Asipokuja mtu kumchukua, kabla ya Krismasi mtoto atapelekwa makao ya watoto yatima huko Mbale.

Barua hii nimempa Absalom wa vitunguu, akufikishie mkikutana soko la Chwele. Atangoja jibu. Mwambie Kang'ethe asiguse kuku wangu. Mtoto yuko mapajani mwangu ninapoandika, anapiga chafya mfululizo kama wewe ukichambua pilipili.

Sasa niambie, Mama: ukija kumwona wajina wako, utabeba leso ya kumfunga mgongoni?

Mama yako mdogo,
Waithera