Pipa la Rangi Nyuma ya Nyumba

Jumatatu, 7 Machi 1983

Kosa la watu wengi ni kudhani rangi ikishatoweka maji yamekuwa safi. Si hivyo. Rangi ya dukani ukiivunja nusunusu, vipande vyake hubaki majini, na vingine ni vibaya kuliko rangi yenyewe. Nilimweleza hayo mke wangu, jina lake Wangu, akisokota mkonge. Akaniambia bwana afya, yule mkaguzi wa jiji, hatauliza habari ya vipande.

Kweli. Bwana afya ameona mtaro wetu hapa mtaa wa Jericho ukitiririka mwekundu kwa maji ya akina mama wanaotia rangi mkonge wa kusukia vyondo, vile vikapu vyao. Atarudi Jumatatu ijayo. Akikuta wekundu tena, anafunga kazi yote. Wangu ameanza kukosa usingizi.

Jumatano, 9 Machi

Nimeanza na pipa moja la maji ya rangi nyuma ya nyumba. Peroksaidi, chumvi ya chuma, na asidi ya betri kidogo, maana bila asidi haifanyi kazi. Chuma huichokoza peroksaidi, nayo huikatakata rangi. Mwisho, rangi ikishakwisha, nitatia chokaa kuua ile asidi. Polepole! Jioni maji bado rangi ya chai.

Jirani yetu Adhiambo akachungulia. "Mwalimu, tulete maziwa na sukari?" Akina mama wakacheka wote, Wangu pia. Nikawaambia wasubiri, wasiguse. Nilieleza mengi juu ya chuma. Juu ya asidi sikusema neno.

Alhamisi, 10 Machi

Nilikuwa soko la Burma kununua nyama. Adhiambo akaona nachelewa, akamimina pipani dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe. Alitaka kusaidia.

Klorini ikikutana na asidi hutoka kama hewa — ya kijani-manjano, nzito, inatambaa chini. Wangu alikuwa ameinama pale pale akianua mkonge ulioanikwa chini.

Nilimkuta amekaa barazani, Adhiambo akimpepea kwa leso na kulia. Wangu alikohoa hadi akatapika. Kisha akatulia, akauliza nyama iko wapi.

Maji ya pipa ni meupe kabisa. Akina mama wanafurahi. Mimi sikuweza kula.

Ijumaa, 11 Machi

Amepika uji. Anasema ni mzima. Lakini alipoinama kushika sufuria, kifua kikakoroma. Midomo haina rangi yake ya kawaida.

Naijua hewa hii. Mtu hujiona amepona, huku mapafu yanajaa maji taratibu. Nimemweleza. Kwa mara ya kwanza nilieleza kwa sentensi mbili tu.

"Baba Muturi," akasema, akipumzika katikati ya maneno, "hospitali watauliza. Bwana afya atasikia. Utakuwa umewafungia kazi wenzangu wote."

Adhiambo amekimbia kumwomba Gordon, yule anayefanya kazi reli, gari lake. Wangu ameketi kitandani, hataki kuvaa viatu. Naandika huku nikisubiri gari.

Gari linapiga honi.

Najiambia: mvishe viatu, umpeleke hospitali leo.