Nimeanika Betri ya Kwaya, Anafukuzwa Mpiga Kinanda

Mpendwa mshauri Mama Rosa, naomba msaada, na ukitaka kucheka cheka kabisa, maana mke wangu Esteri ameshacheka mpaka ameunguza maharage. Mimi ni mwanakwaya hapa Kagerankanda, naimba sauti ya nne, tena vibaya, na walipotafuta kazi nyingine ya kunifaa wakanikabidhi betri, ile kubwa ya sola inayoendesha kinanda, sasa kwa kuwa nimelelewa kwamba mtu haongezewi chakula na sahani bado ina kitu, nikawa siipeleki Kasulu kuchajiwa mpaka iishe kabisa, kinanda kilie kama mbuzi mwenye mafua, halafu ikiisha naiacha pembeni nikisubiri gari la kwenda mjini, na ilipozidi kuchoka nikaipandisha juu ya bati, nikaianika kama tunavyoanika mawe ya redio yakipungua nguvu. Sasa kinanda kinazimika katikati ya wimbo, na mwenyekiti wetu Niyonkuru anasema mharibifu ni Kalunga, mpigaji wetu, Mkongo anayekuja kwa kibali kutoka kambi ya Nyarugusu, eti anakibonyeza kama anatwanga sombe, kisamvu cha kwao. Kalunga aliniambia taratibu, "Papa, kinanda iko muzima. Ni moto njo inakosaka," yaani umeme ndio unaopungua. Nikamjibu, "Tutaona, kijana," nikatazama viatu vyangu. Jumapili kikao kinamwondoa, nami nimenyamaza kwa haya, mtu mzima na mvi zangu kuanika betri ya kanisa kama mihogo. Nifanyeje, na je, itapona?

Leonidasi, Kagerankanda

Baba Leonidasi, nimecheka, na sasa nimemaliza. Kutojua betri si aibu. Kutazama viatu wakati mwenzako anasemwa, hapo umenikera. Mtu amekimbia kwao, amepata mahali pamoja pa kukaa akahesabiwa mtu, nawe unaacha anyang'anywe ili wewe usichekwe?

Betri hiyo haingoji kuisha. Ikibaki nusu, acheni kuitumia, ipelekwe kuchajiwa bila kukawia. Ikikaa na njaa, mabamba yake ya ndani hushika ukoko, na ukoko ukikomaa hautoki. Jua nalo linaikausha tu, kwa hiyo ishushe leo ikae kivulini. Vichwa vyake vikiwa na unga wa kijani, visugue kwa maji ya moto yenye magadi huku vizibo vimefungwa, magadi yasiingie ndani, kisha kausha, paka grisi. Ndipo ufungue vizibo, mbali na moto na sigara, wala usiinamishe uso juu yake. Ukikuta mabamba yako wazi, ongeza maji safi ya betri yasiyo na asidi, yafunike mabamba basi. Maji mengine yaongezwe baada ya kuchaji. Maji ya kisima hapana, hata yawe matamu namna gani. Fundi aichaji polepole, penye hewa. Haitarudi kuwa mpya, lakini nyingi zilizolala njaa kwa muda mfupi huamka, na yako bado inaliza kinanda, kwa hiyo usiizike.

Ila usingoje ipone ndipo useme. Ukimaliza kusoma hapa, vaa shati, nenda kwa Niyonkuru umwambie, "Ni mimi." Atacheka, kwaya nzima itacheka, na Kalunga atabaki kwenye kiti chake. Kisha mfuate Kalunga mwenyewe, umwombe radhi, na umwombe akuambie kila kinanda kinapoanza kufifia. Safari hii akikuambia, msikilize.